Magharibi, Kuku Ndani

Bibi yangu ana sheria moja tu kuhusu kuku: Magharibi, kuku ndani. Aliifuata miaka yote aliyoishi Muheza, mkoani Tanga, na aliendelea kuifuata hapa Leicester tangu siku tulipomletea kuku wanne. Sheria hiyo imevunjwa usiku mmoja tu, na aliyeivunja ni mimi.

Makala haya yanaeleza namna ya kujenga banda dogo la kuku ambalo mbweha hawezi kuliingia. Nimeyaandika kwa sababu kila nikisimulia habari hii kwenye mikutano ya chama chetu, kuna mwenzetu anayesema kwamba mama yake au shangazi yake naye anataka kufuga uani. Walimu wetu watanisamehe: nusu ya msamiati uliomo humu sikuupata darasani. Niliupata nikiwa na msumeno mkononi, Bibi ameketi kwenye kiti cha plastiki, kanga ameifunga juu ya koti, akinisahihisha neno na kazi kwa pamoja.

Kuku walivyofika

Bibi alihamia kwetu baada ya Babu kufariki. Miezi ya mwanzo alikaa sana dirishani. Hakuwa mgonjwa, ila hakuwa na shughuli. Kwao alikuwa na shamba, minazi, kuku na majirani wa kupita kubisha hodi. Hapa alikuwa na televisheni. Mama akasema, "Mama anahitaji kitu cha kumwamsha asubuhi." Baba ndiye aliyetaja kuku.

Tulinunua kibanda cha mbao kwenye mtandao, kikaja vipandevipande ndani ya boksi. Tangazo lilisema kinatosha kuku sita. Nilikiunganisha kwa saa mbili, nikajiona fundi. Mbele yake niliongeza uwanja mdogo wa kutembelea, nikauzungushia waya wa kuku, ule mwembamba wenye matundu ya pembe sita. Kisha tukaleta mitetea minne ya rangi ya kahawia, iliyokaribia kuanza kutaga.

Nilimwita Bibi aje aone "nyumba ya kuku". Akacheka. "Nyumba wanakaa watu, mume wangu. Kuku ana banda." (Ambao hawakulelewa na bibi wa pwani wasishtuke: mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na utani huo hauna mwisho.) Kisha akaligonga lile banda kwa kidole, akasikiliza, akasema, "Hili la sungura." Sote tukacheka. Hakuna aliyemwuliza kwa nini amesema hivyo.

Baada ya hapo Bibi alibadilika. Alikuwa akiswali Alfajiri kisha anatoka kuwafungulia. Alijua yupi ametaga na yupi anajisingizia kwa kelele tu. Alianza kumpelekea mayai jirani yetu, mzee wa Kiingereza ambaye hajui hata "jambo", na wakawa wanasimama uzioni kila Jumamosi, kila mmoja akizungumza lugha yake. Magharibi ikiingia, Bibi huyo, na tochi yake, kwenda kuhesabu kuku na kufunga kimlango.

Usiku wenyewe

Ilikuwa mwezi wa Machi, kumi la mwisho la Ramadhani. Siku hiyo miguu ilikuwa inamuuma. Baada ya kufungua kwa tende na maji akaniambia, "Mume wangu, kawafungie kuku." Nikaitika, "Naam, Bibi." Nilikuwa na sambusa mkononi. Wakaja wageni, ikaja mihogo ya nazi, ukaja uji, kisha tukaondoka kwenda tarawehe. Nilikumbuka nikiwa msikitini. Nikajiambia: si kitu, waya upo.

Tulirudi baada ya saa nne usiku. Kabla sijawasha tochi nilikanyaga manyoya.

Waya ulikuwa umechanwa chini, karibu na nguzo ya pembeni, shimo la kupitisha kichwa cha mbwa. Kuku wawili walikuwa wamelala uwanjani, hawakuliwa hata kidogo. Mmoja hakuonekana kabisa. Wa nne tulimkuta asubuhi juu ya paa la stoo ya jirani, amejikunyata, anatetemeka. Hakuna hata mmoja tuliyeweza kumwahi kwa kisu. Wale wawili walikuwa mizoga, tukawazika chini ya mti wa tufaha.

Bibi hakunigombeza. Alisimama mlangoni, akatazama, akaniambia, "Kalale. Daku haliko mbali." Ningependa zaidi kama angenigombeza.

Yule aliyebaki alilala siku kadhaa jikoni, amefunikwa na tenga la nguo chafu, kama vile kuku wengi wa vijijini wanavyofunikwa matenga usiku. Mama alilalamika. Bibi akamjibu kwamba yeye, Mama, alikua katika nyumba yenye kuku jikoni na hakupungukiwa na kitu.

Nilikosea wapi

Kwanza, niliamini jina. Nilidhani waya wa kuku umeitwa hivyo kwa sababu unamlinda kuku. Kumbe kazi yake ni kumzuia kuku asitoke, si kumzuia adui asiingie. Ni uzi mwembamba wa chuma uliosokotwa. Mbweha akiung'ata na kuuvuta, unafumuka.

Pili, niliushikiza kwa vipini vidogo vya stepla. Hata waya ungekuwa mzuri, ungeng'oka kwenye mbao.

Tatu, niliacha kimlango wazi. Banda lenyewe, lingawa la mbao nyembamba, lilikuwa limefungwa pande zote. Kuku wangekuwa ndani, mbweha angeingia uwanjani akakuta mlango wa pili. Nilimpa mlango mmoja tu, nao ulikuwa wa karatasi.

Na ujue unashindana na nani. Kwenye vitabu vyetu vya darasa tunaandika "mbweha", lakini Bibi alipomwona kwa mara ya kwanza mtaani aliuliza, "Mbwa gani yule mwekundu?" Mbweha anayemjua yeye ni yule wa porini Afrika, mnyama tofauti kidogo. Huyu wa Uingereza anaishi mijini bila wasiwasi, anapita bustanini kama mwenye nyumba. Uzio wa mita 2 anaupanda. Pengo la sentimita 10 linamtosha. Anachimba vizuri. Na majira ya kuchipua ndipo anapokuwa na watoto wa kulisha, kwa hiyo anathubutu hata mchana. Akiingia penye kuku wengi wasio na pa kukimbilia, huua wote kwanza, kisha huanza kubeba mmoja mmoja akawafukie kwa baadaye. Ndiyo maana wale wawili hawakuliwa: alikuwa bado hajawarudia.

Bibi hakushangaa. "Kicheche naye ndivyo afanyavyo," alisema. "Anaua kumi, anakula mmoja."

Banda la Muheza

Hapo ndipo nilipomwuliza swali nililopaswa kumwuliza mwanzo: Bibi, kwenu banda lilikuwaje?

Akanieleza. Lilikuwa limeinuliwa juu ya nguzo, kimo cha kiuno cha mtu mzima. Sakafu yake ilikuwa ya fito zilizopangwa karibukaribu, kinyesi kikaanguka chini na kuzolewa kwa ajili ya mboga. Kuta zilikuwa za miti iliyokandikwa udongo, ila juu, chini ya makuti, waliacha nafasi ya hewa wakaiziba kwa fito. Mlango ulikuwa mdogo, wa ubao, unafungwa kwa komeo, na nyuma ya komeo akaweka jiwe. "Kwa nini na jiwe, Bibi?" "Kwa sababu komeo ni la mtu. Jiwe ni la kicheche."

Kila kitu katika banda lile kilikuwa jibu kwa adui fulani. Kuliinua kulikuwa kwa ajili ya nguchiro, kenge na nyoka. Majivu yaliyomwagwa kuzunguka nguzo yalikuwa kwa ajili ya siafu, ambao wakimkuta kuku anaatamia wanaweza kumwua juu ya mayai yake. Udongo ulikuwa kwa ajili ya kicheche na paka pori. Mchana kulikuwa na mwewe, na dawa yake ilikuwa vichaka vya karibu ambamo vifaranga hukimbilia mama yao akilia.

Basi nikaelewa kwa nini alisema lile la kwanza ni la sungura. Aliligonga kwa kidole kusikia unene wa ubao, kama mtu anavyogonga nazi. Alikuwa ameshanijibu miezi tisa kabla sijauliza.

Tulivyojenga upya

Tulijenga wakati wa likizo ya Pasaka. Mbao nyingi tulizipata bure kutoka kwenye zile chaga za kubebea mizigo ambazo maduka hutupa. Ukizitumia, chagua zenye alama ya HT, yaani zilizotibiwa kwa joto. Zenye alama ya MB zilifukizwa dawa ya sumu, ziache. Fedha karibu zote zilikwenda kwenye wavu na makomeo. Ningeshauri kila mtu afanye hivyo: punguza kwenye urembo, usipunguze kwenye wavu.

Banda lenyewe ni sanduku la urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 100. Kwa kuku wanne, kila mmoja anapata karibu theluthi ya mita ya mraba, na hilo linatosha kwa kulala na kutaga ikiwa mchana wanatoka. Limesimama juu ya miguu ya sentimita 50. Sababu ni ile ile ya Muheza, ila adui hapa ni panya: ukiliweka banda chini moja kwa moja, panya hujenga chini ya sakafu, nawe hutawaona mpaka wamekuwa ukoo.

Kuta na sakafu ni za plaiwudi nene. Paa ni bati la mawimbi lenye mteremko wa kuelekea nyuma ili maji yasimwagike mlangoni. Hatukutumia karatasi ya lami, kwa sababu utitiri hupenda kujificha chini yake, na utitiri ukishaingia hutoki salama: hunyonya damu ya kuku usiku, na mchana hauonekani.

Hewa ni jambo ambalo wengi hulikosea katika nchi ya baridi. Nilitaka kuziba kila tundu ili kuku wasipate baridi. Bibi akakataa, na baadaye nilisoma kwamba alikuwa na haki. Kuku ana koti lake la manyoya. Kinachomdhuru ni unyevu na harufu kali ya kinyesi kilichofungiwa. Kwa hiyo juu kabisa, chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, tuliacha nafasi za hewa, kisha tukazifunika kwa wavu wa chuma. Ziko juu ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala, upepo usiwapige moja kwa moja.

Ndani kuna ufito wa kulalia, wenye upana wa sentimita 5, kingo zake tumezisugua zikawa duara. Kila kuku anahitaji kama sentimita 25 za ufito, hivyo mmoja wa sentimita 120 unawatosha wanne. Uko juu kuliko viota. Hili usilisahau: kuku hupenda kulala mahali pa juu kabisa, na viota vikiwa juu kuliko ufito watalala humo na kuyachafua mayai. Viota ni viwili, kila kimoja sentimita 30 kwa 30, vyenye maranda makavu. Chini pia tumemwaga maranda, tunayatoa kila wiki na kuyapeleka kwenye lundo la mbolea.

Uwanja ni mita 4 kwa 2, na kimo chake kinamruhusu mtu mzima kusimama. Bibi alisisitiza hilo. "Mahali nisipoweza kuinuka, sitafagia."

Wavu tuliotumia si waya wa kuku. Ni wavu wa chuma ambao nyaya zake zimechomelewa kila zinapokutana, wenye matundu ya milimita 13. Meno ya mbweha hayaufumui, na kicheche mdogo wa huku, ambaye hupita kwenye tundu usilolidhania, hapiti. Tuliufunga kwa skrubu, kila skrubu na washa yake pana, kisha juu yake tukapigilia kipande chembamba cha mbao. Nilivuta kwa mikono miwili kwa nguvu zangu zote. Bibi akasema, "Vuta tena, wewe si mbweha." Nikavuta tena.

Kwa wachimbaji, hatukuzika wavu chini. Tuliulaza. Kutoka kwenye ukuta wa uwanja, wavu wenye upana wa sentimita 45 umelala juu ya ardhi kuelekea nje, pande zote nne, umepigiliwa vigingi na kufunikwa majani, na sasa nyasi zimeota juu yake. Mbweha huanza kuchimba pale pale ukuta unapogusa ardhi. Akikuta wavu chini ya miguu yake hafikirii kurudi nyuma nusu mita na kuanzia huko. Nilipomweleza Bibi hila hii alifurahi sana, akaniambia nimeanza kufikiri kama mtu wa Muheza.

Juu ya uwanja kuna paa gumu la plastiki ya mawimbi inayopitisha mwanga. Halikuwekwa kwa ajili ya mwewe peke yao. Kuna mafua ya ndege, ambayo huletwa na ndege wa porini na vinyesi vyao. Mnamo tarehe 7 Novemba 2022 serikali iliamuru ndege wote wanaofugwa England wafungiwe ndani, na amri hiyo ilidumu mpaka tarehe 18 Aprili 2023. Ukiwa na uwanja wenye paa, amri kama hiyo ikija tena kuku wako watakuwa na mahali pa kutembea. Ukiwa na kibanda cha boksi, watakaa gizani miezi mitano.

Milango yote ina makomeo mawili, moja juu na moja chini, na la chini lina kufuli ndogo. Mlango wenye kulabu moja tu husukumwa kwa pua ukafunguka. Hatukuweka jiwe, lakini Bibi alilitafuta moja bustanini na akaliweka. Lipo mpaka leo.

Saa ya kufunga

Unaweza kujenga haya yote na bado ukawapoteza kuku kwa sababu ya sambusa. Najua.

Tatizo la nchi hii ni kwamba jioni haina saa maalumu. Tanga, tofauti kati ya Magharibi ya mapema kabisa na ya kuchelewa kabisa kwa mwaka mzima haifiki saa moja. Leicester, mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na mwezi wa Juni huzama saa tatu na nusu usiku. Ukijiwekea kengele ya saa kumi na mbili kila siku, nusu ya mwaka utakuwa umechelewa, na nusu nyingine utawakuta kuku bado wanachakura na hawana habari nawe.

Ndipo nilipoona uzuri wa sheria ya Bibi. Haikutaja saa. Ilitaja Magharibi, na Magharibi hufuata jua, kama kuku wenyewe wanavyolifuata. Wao huingia bila kusukumwa, jua likizama au muda mfupi baadaye. Kwa hiyo sasa simu zetu zikitoa adhana, tunaswali, kisha mmoja wetu anatoka na tochi, anawahesabu juu ya ufito, anafunga. Asiyeswali na afuate hesabu hiyo hiyo ya jua kuzama, kuku hawaulizi.

Kuna milango ya betri yenye kihisi cha mwanga, inayofunga yenyewe giza likiingia. Tumeweka mmoja, kwa siku za safari na kwa miezi ya Ramadhani. Ni mzuri. Lakini mlango hauhesabu. Ukifunga ukiwa umeacha kuku mmoja nje, umemfungia nje usiku kucha, kwa hiyo mtu lazima aende kutazama. Bibi huuita mlango ule "kijakazi asiyejua hesabu".

Wageni

Kuku hapendi kuishi peke yake, kwa hivyo tulimletea yule aliyebaki wenzake watatu. Tuliugawa uwanja kwa wavu, mwenyeji upande huu na wageni upande ule, wakaonana kwa wiki mbili bila kugusana. Tulipouondoa wavu kulikuwa na kudonoana siku mbili tatu, kisha wakapanga cheo chao wenyewe. Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nilikuwa nikiitumia methali hiyo kwenye insha bila kuielewa. Sasa najua kamba ile ni ya kumzuia mgeni asirudi alikotoka kabla hajazoea banda jipya. Wavu wetu ulikuwa ndiyo kamba.

Jogoo hatuna, kwa heshima ya majirani. Kuku hutaga bila jogoo, ila mayai hayaanguliki. Bibi anasema asubuhi isiyo na jogoo ni kama chai isiyo na tangawizi, lakini amekubali.

Mambo mawili ya sheria kabla hujaanza. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kila anayefuga ndege England na Wales lazima ajiandikishe serikalini, hata akiwa na kuku mmoja. Ni bure, na ndivyo unavyopata taarifa ugonjwa ukitokea karibu nawe. Pili, hairuhusiwi kuwalisha kuku makombo yaliyopita kwenye jiko la nyumbani ambamo nyama hupikwa. Nilipomweleza Bibi hilo, alinyamaza kidogo, akauliza, "Kuku asile ukoko wa ugali, ale nini?" Anakula chakula cha kuku wa mayai cha dukani, na mchicha ambao Bibi ameupanda pembeni ya uwanja. Mchicha unatoka shambani kwenda mdomoni, haupiti jikoni, kwa hiyo hatuvunji sheria.

Mbweha amerudi. Wiki ya tatu baada ya kumaliza kujenga tuliona amefukua nyasi pembeni, wavu uliolazwa ukatokeza, naye akaacha hapo. Wiki nyingine tulikuta alama za matope kwenye mlango, kimo cha komeo la chini. Usipoziba ufa utajenga ukuta; sisi tulilazimika kujenga ukuta, lakini umesimama.

Mimi sasa niko chuoni siku tano za wiki, na zamu ya kufunga imerudi kwa Bibi. Nilimwomba jambo moja, nalo analitimiza. Kila jioni, dakika ishirini hivi baada ya Magharibi, nikiwa maktaba au kwenye basi au kwenye mkutano wa chama chetu, simu hutetemeka. Ni ujumbe wa sauti. Kwanza husikika komeo la juu, kisha la chini, kisha jiwe likiburutwa. Halafu sauti yake, kahema kidogo kwa baridi:

"Wanne, mume wangu."